Namna Nilivyofikisha Vipuri vya Magari Jamaika Kutoka Sharjah

Kilichonifanya nithubutu kuuza vipuri Jamaika, nikiwa mfanyabiashara mdogo Mtanzania ninayeishi Sharjah, Falme za Kiarabu, ni kwamba niliyajua magari yao kabla sijaijua nchi yenyewe. Wajamaika huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, na magari mengi wanayoyatumia yamenunuliwa Japani yakiwa mtumba. Teksi zao zenye kibao chekundu cha namba mara nyingi ni Probox, Corolla au Nissan AD, yaani yale yale niliyoyauzia spea nilipokuwa Gerezani, Dar es Salaam.

Hata hivyo, kulijua gari kwa jina hakutoshi. Probox yenye chasisi ya NCP51 na ile ya NCP160, iliyokuja na mabadiliko ya mwaka 2014, zote zina injini ya 1NZ-FE, lakini sehemu ya mbele ya chasisi si moja, kwa hiyo anayeagiza bushi au shokapu kwa jina la gari pekee anaweza kupokea mzigo ambao hatauuza. Ndiyo maana nilimwomba mteja wangu, mwenye duka mjini Kingston, anitumie picha za vibao vya chasisi vya magari ya wateja wake, kisha mimi nikatafuta namba ya kila kipuri. Namba za vipuri vya Toyota kwa kawaida zina tarakimu au herufi kumi zilizogawanywa tano tano. Pedi za breki za mbele, kwa mfano, huanza na 04465. Saa mbili asubuhi ya Kingston ni saa kumi na moja jioni huku kwetu, hivyo maswali yote tuliyamaliza jioni kabla maduka ya Deira, mtaa wa Dubai, hayajafungwa.

Kwa nchi yenye watu wasiofika milioni tatu sikuona busara kujaza kontena zima, ingawa wauzaji wa jumla hushawishi sana kwa bei. Nilichangia kontena na wengine. Nauli ya namna hiyo hutozwa kwa mita ya ujazo au kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa, na pedi za breki ni nzito ilhali hazichukui nafasi, wakati bampa ni jepesi na linakula nafasi. Nilipozichanganya katika shehena moja, niliutumia vizuri uzito na nafasi nilivyolipia.

Kwenye karatasi sikuandika "vipuri vya magari" kwa jumla, kwa kuwa kwa forodha maneno hayo hayasemi lolote. Katika orodha ya kimataifa ya namba za bidhaa inayotumiwa na forodha, vipuri vingi huingia katika kifungu 8708, lakini filta za oili ziko katika 8421 na plagi katika 8511, na ushuru unaweza kutofautiana. Jamaika hukokotoa ushuru juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli, kisha huja kodi ya mauzo, ambayo tangu Aprili 2020 ni asilimia 15. Kwa hiyo nauli niliyoipunguza ilimpunguzia mteja kodi pia. Paleti za mbao zilikuwa zimepashwa joto na kugongwa muhuri wa kimataifa unaothibitisha kwamba hazina wadudu.

Kuhusu malipo, mteja alitanguliza sehemu ya fedha kabla sijanunua, na salio akalilipa baada ya kuona nakala ya hati ya shehena (bill of lading), huku hati halisi, ile ya kutolea mzigo bandarini, ikibaki mkononi mwangu. Hilo si la kulionea haya hata kwa mtu mnayeaminiana.

Muda ndio unaosumbua zaidi. Baada ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu kuanza mwishoni mwa 2023, meli nyingi zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na upande wa Karibi msimu wa vimbunga huwa kuanzia Juni hadi Novemba. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita karibu kabisa na pwani ya kusini ya Jamaika. Mzigo unaotakiwa dukani kabla ya Krismasi mimi huufunga mapema Septemba, na mteja akichelewa kuthibitisha namba, namshauri tuusogeze hadi mwaka mpya.