Johnny Dyani na besi yake

Jana usiku nimemsikiliza tena Johnny Dyani mpaka saa nane, na leo lazima nimwandike huyu bwana, maana watu wengi wanaopenda jazi wanamjua Hugh Masekela wa tarumbeta, wanamjua Abdullah Ibrahim wa piano, ila ukimtaja Dyani wanakuuliza nani tena huyo. Inaniuma kwa kweli.

Alizaliwa 1945 Duncan Village, mtaa wa watu weusi kule East London, Afrika Kusini, mji wa pwani, msije mkachanganya na London ya Uingereza ambayo nayo inakuja kwenye hii stori. Alikuwa mpiga besi, na sio gita la besi la umeme, ni ile besi kubwa ya mbao ya kusimamisha, inayomzidi mtu kimo, nyuzi nne nene, unaikumbatia ndo unaipiga. Akiwa bado kijana mdogo kabisa akaingia Blue Notes, bendi ya Chris McGregor. McGregor alikuwa mpiga piano na alikuwa mzungu, waliobaki wote weusi: Dudu Pukwana na Nikele Moyake kwenye saksafoni, Mongezi Feza tarumbeta, Louis Moholo kwenye drams. Sasa bendi kama hiyo chini ya makaburu, miaka ya 60, wataishije? Sheria za ubaguzi zilikuwa zinawabana kila kona, kupanda jukwaa moja tu ni kosa.

1964 wakaalikwa kwenye tamasha la jazi la Antibes, Ufaransa. Wakapata ruhusa ya kutoka, wakaenda, wakapiga, na hawakurudi, ukimtoa Moyake ambaye baadaye alirudi. Dyani alikuwa na miaka 18. Hapo huwa nasimama kidogo kila nikifikiria, kijana wa miaka 18 anaaga nyumbani kwenda kupiga muziki halafu ndo anakuwa mkimbizi. Wakapita Uswisi, 1965 wakafika London, na wanamuziki wa jazi wa pale wakashtuka, walikuwa hawajasikia watu wanaopiga kwa moto ule.

Mwaka uliofuata yeye na Moholo wakaondoka na Steve Lacy, mpiga saksafoni Mmarekani, pamoja na Enrico Rava wa Italia, mpaka Argentina. Walirekodi Buenos Aires, muziki huru kabisa usio na wimbo wa kushika, na ndo mwaka huohuo jeshi lilipindua serikali kule, hela zikawaishia, wakakwama huko muda mrefu. Watu wakisikia msanii wa kimataifa wanawaza hoteli na ndege tu. Kwa Dyani ilikuwa kuzunguka kwa sababu kwao hakuendeki.

Miaka ya 70 akahamia Skandinavia, Denmark na Sweden. Akapiga na Don Cherry, mpiga tarumbeta Mmarekani, akapiga na Feza na Okay Temiz, mpiga drams wa Uturuki, akapiga na kila mtu aliyekuwa na sikio. Ila mimi kama ni kuchagua kitu kimoja nachagua 1973, albamu ya Good News from Africa, yeye na Abdullah Ibrahim wawili tu, enzi hizo Ibrahim bado anaitwa Dollar Brand. Inaanza na wimbo wa kanisani wa Ntsikana, yule nabii wa Waxhosa aliyefariki 1821. Weka iyafoni nzuri, zima taa. Utasikia kidole kinavuta uzi, kwanza unakuja mgoto wa mbao, halafu ndo noti yenyewe inafuata, nzito, na hajali kukuonyesha ana kasi gani. Anarudia palepale, palepale, sauti zao wenyewe wakiimba zinapanda juu yake, na wewe unajikuta unahema kwa mwendo wa ile besi bila kujua. Wapiga besi wengi wa jazi wanatembea, noti moja moja kila pigo. Dyani yeye anazunguka, kama watu wanaocheza kwa duara, na ule mzunguko kautoa kwao.

1978 akarekodi albamu ya Song for Biko mjini Copenhagen, haujatimia hata mwaka tangu Steve Biko, mpigania haki za weusi Afrika Kusini, afie mikononi mwa polisi. Pukwana yupo humo, Don Cherry yupo.

Kitu kingine ambacho kinanikaba koo. Desemba 1975 Mongezi Feza alifariki London, miaka 30 tu. Siku chache baadaye wenzake wanne wakaingia studio kumlilia kwa vyombo, hakuna aliyeitwa kushika tarumbeta, na humo unamsikia Dyani mwenyewe anapaza sauti kwa Kixhosa, ni msiba hasa ule, sio rekodi ya kuuza. Basi 1986 ikawa zamu yake, akafia Berlin Magharibi kabla hajatimiza miaka 41, Mandela bado yuko jela. Mwaka uliofuata McGregor, Pukwana na Moholo wakarudi studio kumrekodia na yeye. London ilikuwa imejaa wapiga besi wazuri ambao wangekuja mbio kama wangeitwa. Hawakumwita hata mmoja. Piano, saksafoni, drams, na pale chini alipokuwa anakaa Johnny wamepaacha wazi mwanzo mpaka mwisho.