Siku moja na kipima mionzi jijini Mwanza

Saa 1 asubuhi. Mimi ni mkaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kabla ya kuingia kwenye gari nakagua betri ya kipima mionzi na cheti cha kuhakikiwa usahihi wake, kisha nakiwasha nje. Mwanza imekaa juu ya miamba, na mawe ya graniti yana urani, thori na potasiamu ya asili, vitu vinavyotoa mionzi, kwa hiyo kipima hakisomi sifuri hata siku moja. Usomaji huo wa asili nauandika kwanza, nisije nikamsingizia mtu mionzi ya jiwe.

Saa 3. Chumba cha eksirei katika kituo kimoja cha afya Nyakato. Leseni ipo, taa nyekundu mlangoni inawaka, ukuta hauvujishi mionzi. Ila aproni ya risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, imekunjwa na kutupwa juu ya kiti. "Dada, hii itundike. Ukiikunja, risasi ya ndani inapasuka na ufa huuoni kwa macho." Namuuliza mhudumu huyo beji yake, ile inayorekodi mionzi anayopata, iko wapi. Ananionyesha ukutani, inaning'inia kwenye msumari karibu na mashine. Beji hiyo inarekodi dozi ya ukuta. Mfanyakazi wa mionzi anaruhusiwa wastani wa milisiverti 20 (kipimo cha dozi ya mionzi mwilini) kwa mwaka, na raia wa kawaida milisiverti 1 tu. Nitajuaje yeye kapata ngapi? Ameivaa mbele yangu, kifuani, na jambo hilo nimeliandika kwenye fomu.

Saa 6, kambi ya mkandarasi wa barabara nje kidogo ya jiji. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi. Wana mashine ya kupima mshindilio wa udongo, ile ya njano yenye fimbo inayozamishwa ardhini. Ndani yake mna sisiamu-137 na amerisiamu-241, vipande vidogo mno vinavyotoa mionzi, ndivyo tunavyoita chanzo, vilivyofungwa kwenye chuma. Sisiamu hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Amerisiamu huchukua zaidi ya miaka 400. Barabara itachakaa, kampuni itafungwa, chanzo kitakuwa bado kinatoa mionzi.

Nikaomba daftari la kutoa na kurudisha. Mara ya mwisho mashine imetoka, na sahihi ya kurudi haipo. Moyo ukanidunda. Tukaikuta stoo, ndani ya sanduku lake, lakini kufuli liko wazi na funguo zinaning'inia. Nikapima pande zote za sanduku. Usomaji ulikuwa wa kawaida kwa mashine hiyo.

"Mheshimiwa, nani aibe kitu kama hiki?" akaniuliza msimamizi.

Nikamweleza habari ya Goiânia, Brazili, Septemba 1987. Mashine ya tiba iliachwa katika kliniki iliyohamwa, waokota vyuma wakaibomoa, na unga wa sisiamu uliong'aa bluu ukagawanywa kwa ndugu na majirani. Watu 4 walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka 6, na zaidi ya watu 100,000 ikabidi wapimwe. Mwizi haibi sisiamu, kaka, anaiba chuma. Akanyamaza, akaita fundi alete kufuli jipya.

Sheria ya Nguvu za Atomu ya 2003 inamtaka kila mwenye chanzo awe na leseni, na mimi naiona leseni ile kama hati ya kubeba dhamana: chanzo kiwe na mtu anayejulikana kwa jina, tangu kinaingia nchini hadi kinapotolewa matumizini. Kikibaki bila mwenyewe, ndipo mauti yanapoanza.

Saa 9, yadi ya chuma chakavu Igoma. Nimepita na kipima kati ya rundo na rundo, hakuna kilichozidi usomaji wa asubuhi. Nikawaonyesha vijana picha ya alama ya mionzi, ile yenye mabawa matatu. Mzee mwenye yadi akaibandika penye mzani, mahali ambapo kila anayeleta mzigo lazima asimame. Nikawaambia: mkiiona, msikate, msigonge, ondokeni hapo, piga simu polisi au kwetu Tume.

Saa 11 naandika ripoti. Kituo cha afya kimepata maelekezo ya beji na aproni. Mkandarasi hatumii mashine mpaka daftari likamilike na afisa wake wa usalama wa mionzi atie sahihi kwamba funguo zinakaa kwake peke yake.