Punguzeni sauti

Mlinzi wetu mpya amelizungushia rungu lake seng'enge. Nililiona juzi usiku narudi, limeegeshwa kwenye geti, miba inang'aa kwa taa ya jirani. Nikamuuliza ni la nini. "La kutishia tu, bosi." Nikacheka, nikaingia ndani, nikafunua hotpoti nikakuta wali maharage. Nikafunika tena.

Waliokuwepo siku ile kwa Fundi, Tandika, Dar es Salaam, wameshajua ninakoelekea. Jumatatu, tarehe 24 Oktoba 2016.

Tulikuwa tumesubiri miezi sita na ushee. Aprili mwaka ule The Walking Dead, ile tamthilia ya Kimarekani ya mazombi, ilitufungia sizoni ya sita kihuni kabisa. Watu 11 wamepigishwa magoti msituni usiku, Negan, kiongozi wa maadui zao, anapita mbele yao na gongo lake la besiboli lililoviringishwa seng'enge, gongo ambalo amelipa jina la kike, Lucille. Anachagua. Gongo linashuka, kioo kinakuwa cheusi, zinabaki sauti tu. Nani kafa? Rudini Oktoba.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Kibanda kile kwa ubao wa nje kilikuwa cha kutengeneza simu, lakini riziki ya Fundi ilikuwa kujazia watu sizoni kwenye flashi, na riziki yetu sisi ilikuwa kubishana kwenye benchi lake. Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata chekechea, alikuwa amezisoma katuni zenyewe zilikotoka hadithi. Toleo la 100, akasema, la Julai 2012: anayekufa ni Glenn, mmoja wa wale 11, mambo yameisha. Alikuwa na kile kiburi cha waliosoma vitabu vya George R. R. Martin, vilikotoka Game of Thrones, kabla sisi hatujayaona mauaji ya Harusi Nyekundu. Wanakukalia kimya, wanakutazama unavyompenda mtu, na wao wanajua kaburi lake liko ukurasa wa ngapi.

Tulimkatalia, na hoja tulikuwa nazo. Glenn huyo huyo mwaka mmoja nyuma alishatutoa machozi bure: kaangukia katikati ya mazombi, matumbo yanavutwa, tukamwekea matanga, wiki chache baadaye akaonekana mzima, alijiburuta chini ya pipa la takataka. Na upande wa pili, kwenye Game of Thrones, Jon Snow kachomwa visu akafa Juni 2015, Mei 2016 kaamka. Watu wa namna hiyo utawachimbia kaburi uwaamini? Mimi niliweka dau la chipsi mayai kwa Abraham. Mwingine alitaka afe Eugene, "hana kazi timuni". Mwingine akasema bora Rosita, atapunguza idadi. Tuliongea kama makocha wanaopanga kikosi cha Jumamosi.

Kule Marekani ilirushwa Jumapili saa tatu usiku, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri Jumatatu. Fundi akaishusha kwa bando la usiku, kisha akazima simu yake hadi mchana asije mtu akammwagia mchuzi. Saa saba tukawa tumejazana saba mbele ya laptopu moja, ameiunganisha na sabufa ya mteja ambayo ilikuwa imekuja kutengenezwa. Mama ntilie alishatuletea chakula kwa mkopo, kama kawaida yake.

Abraham akaenda wa kwanza. Niliruka juu, kijiko mkononi, nadai chipsi zangu. Sijakaa vizuri, Daryl kainuka kampiga Negan ngumi, na Negan, akiwa bado anazungumza, akageuka akamshushia Glenn. Hivyo tu. Bila muziki wa kukutayarisha. Jicho likatoka, na yule kijana bado anajaribu kumwambia mkewe kitu, maneno hayakamatani. Profesa akapanda juu ya benchi: "Si niliwaambia! Si niliwaambia!"

Nikasikia harufu ya moshi wa kuni nyuma yangu. Ndiyo iliyonigeuza.

Mama alikuwa amekuja kukusanya sahani. Sijui aliingia saa ngapi. Alikuwa amekumbatia nne kifuani, vijiko mkono wa pili, na hatazami kioo. Alielekea ukuta ziliponing'inia chaja, kichwa amekiinamisha kidogo upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali ajue kama itafika.

"Punguzeni sauti, wanangu."

Sasa ile sabufa kitufe chake cha sauti kilikuwa kimeng'oka. Kilibaki kijiti cha chuma ambacho unakigeuza kwa plaizi, na plaizi haionekani. Fundi anapekua droo, anamwaga nati, anaapa chinichini, na muda wote huo gongo linafanya kazi yake. Ile sauti haikuwa tena ya kigumu, ilikuwa ya kitu chenye maji. Hakuna aliyewaza kubonyeza laptopu. Hakuna aliyewaza hata kuchomoa waya. Profesa alishuka kwenye benchi taratibu. Mama hakutoka nje. Alisubiri hapo hapo, kama anayesubiri chenji.

Plaizi ikapatikana. Kimya. Kwenye kioo gongo likaendelea kupanda na kushuka.

"Sahani ya tano iko wapi?"

Ilikuwa chini ya miguu yangu. Nikampa.

"Hujamaliza."

"Nimeshiba, mama."

Akaimwaga mabaki kwenye ndoo ya nje, akaenda.

Tandika hatuhitaji kufundishwa ile sauti. Ukiwa umekulia kule, umeshasikia mtu akipigiwa kelele za mwizi na umeshaona watu wanavyotokea na vitu mikononi. Mimi niliona nikiwa kidato cha pili, natoka shule. Huwa nasema nilikuwa mbali. Sikuwa mbali hivyo.

Fundi alituambia baadaye kwamba mdogo wake mama ndivyo alivyoondoka. Profesa akabisha: mdogo mtu yuko Kilosa, analima, na mama ana presha tu, kelele zinamsumbua. Sikumuuliza mwenyewe. Utaanzaje? Nilikula kwake karibu miaka miwili mingine, mara nyingi kwa mkopo.

Na usiku ule ule, msinione mtakatifu, nilibishana kwenye simu hadi saa nane kama lile jicho lilitoka kama lilivyochorwa kwenye katuni. Nasikia Wamarekani milioni 17 walitazama, na wengi wakaapa hawarudi tena. Mimi nilirudi. Nilinunua earphone za buku tatu, nikaendelea.

Jana asubuhi nilitoka na plaizi mfukoni, nimtolee mlinzi ile seng'enge kabla watoto hawajaamka. Zamu yake ilikuwa imeisha. Aliondoka nalo.