Kwenye miti ya mialoni ya Profesa Brock

Mimi ni mtu wa maabara, mkazi wa Mwanza, na nilipofika Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, kwa mafunzo nilianza kwa kwenda kulitazama Ziwa Mendota. Ulikuwa msimu wa joto. Ukingoni maji yametanda utando wa kijani, kama ule tunaouona Ziwa Victoria mbolea na majitaka yanapozidi. Profesa Thomas Brock, mtaalamu wa bakteria na viumbe wengine wadogo, alilichunguza sana ziwa hili baada ya kuhamia chuo kikuu cha hapa mwaka 1971.

Jumamosi mwenzangu mmoja akanipeleka kwa gari hadi karibu na Black Earth, magharibi mwa mji. Mahindi, ng'ombe wa maziwa, vilima vyenye misitu. Tulikuwa tunakwenda Pleasant Valley, ardhi ambayo Brock na mkewe Kathie waliihudumia hata baada ya Brock kustaafu mwaka 1990.

Maabara nyingi zina deni la shukrani kwake bila kulijua jina lake. Mwaka 1964, akiwa safarini, alipita Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani, akaona rangi za viumbe hai kwenye mifereji ya chemchemi za moto. Akarudi kuvichunguza pale pale vilipoishi. Mwaka 1966, kutoka chemchemi ya Mushroom, yeye na mwanafunzi wake Hudson Freeze walipata bakteria anayestawi kwenye nyuzi joto 70, wakamwita Thermus aquaticus. Wakamweka kwenye hifadhi ya bakteria ili mtafiti yeyote ampate. Kimeng'enya cha bakteria huyo hakiharibiki DNA inapochemshwa ili nyuzi zake mbili ziachane, ndiyo sababu kipimo cha PCR, kinachonakili DNA kwa kuipasha joto na kuipoza, kinazunguka mara kwa mara bila kuongezewa kimeng'enya kipya. Haki za PCR ziliuzwa mwaka 1991 kwa dola milioni 300. Brock hakupata hata senti. Mimi naona alitutendea wema mkubwa.

Njia inapanda mgongo wa kilima, kati ya miti mikubwa ya mialoni (oak) yenye matawi mapana, chini yake nyasi na maua hadi kiunoni. Miaka mingi moto ulizuiwa, vichaka vikaisonga miti hiyo. Mzee mmoja wa kujitolea tuliyemkuta akikata vichaka alitueleza kazi ilivyofanyika: kufyeka, kukusanya mbegu kwa mikono, kuchoma nyasi kwa zamu. Brock alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 94, na uchomaji bado unaendelea. Nikamuuliza wanazuiaje moto usivuke mpaka. Akatupeleka hadi kwenye ukanda uliofyekwa kuzunguka eneo, akaanza kutufundisha kusoma upepo.