Sina chama, na imani yangu inahusika

Watu wakishajua napenda siasa swali linalofuata ni "we chama gani", nikisema sina wanahisi nawaficha. Sina kweli. Mi ni Muislamu, mtoto wa Tanga, na nimelelewa kwenye imani kwamba hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine, siku ile kila mtu anajibu yake, haji shehe wala ukoo kukusemea. Sasa mtu mwenye imani hiyo anakaaje bungeni anapiga kura chama kinavyotaka na moyo wake unakataa, halafu akibisha anavuliwa uanachama na ubunge unaondoka hapohapo?

Ndo maana kwangu jambo kubwa kuliko yote ni mgombea binafsi. Katiba yetu ibara ya 39 na ya 67 inataka anayegombea urais au ubunge awe mwanachama na apendekezwe na chama, na hata uenyekiti wa mtaa tu huwezi kugombea bila chama, yani jirani anayesuluhisha ugomvi wa watu na kusimamia misiba yote mtaani hafai mpaka apate kadi!

Aliyelipigania hili ni mchungaji, Christopher Mtikila. Maneno yake kuhusu Watanzania wenye asili ya Kihindi yalikuwa mabaya na sitayatetea hata siku moja, ila kwenye hili alisimama na haki. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu alimpa ushindi, serikali ikakimbilia bungeni kubadilisha katiba, akarudi tena mahakamani mpaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ileile iliyopo Arusha hapahapa kwetu, Juni 2013 akashinda. Amefariki 2015 na kifungu kiko vilevile. Inaniuma sana hii, tumeipa mahakama nyumba halafu hukumu yake hatuifuati, na wenzetu Kenya na Uganda watu wanagombea bila chama na nchi zao zipo.

Vyama sivichukii, watu wakitaka kushirikiana washirikiane. Ila rasimu ya katiba mpya, ile ya tume ya Jaji Warioba, ilishaliweka hili, likaishia njiani pamoja na kura ya maoni iliyopangwa 2015 isifanyike. Katiba mpya ikirudi mezani wengi mtakimbilia ubishi wa Muungano uwe na serikali mbili au tatu, mi ntaanza kukitafuta hicho kifungu, nikikikosa kura yangu ni hapana.