Injini ya marehemu baba: ikiwa baridi inawaka, ikipata joto inazima

Kwa miezi mitatu injini ya boti ya marehemu baba ilinizimikia mahali palepale: mlango wa Mkanda, mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, katikati ya mikoko, kiasi cha dakika 25 tangu kutoka gati ya Lamu. Anayeijua Mkanda anajua kwa nini nilikosa usingizi. Maji yakijaa unapita, yakitoka unakaa kwenye tope ukisubiri yarudi.

Mara ya tatu nilikuwa na mama, tunakwenda Mtangawanda, kisiwani Pate, na gunia la unga. Injini ikakohoa mara mbili, silinda moja ikalala, kisha kimya. Nikashika pondo. Mama hakusema neno, alikuwa akisoma dua tu. Baada ya nusu saa nikavuta kamba mara moja, ikawaka utadhani haijaugua hata siku moja.

Injini yenyewe ni Evinrude ya nguvu za farasi 18, silinda mbili, ya miaka ya 1960. Baba aliipata ikiwa imeshatumika, akavulia nayo tangu sijazaliwa, na mimi naipenda kuliko chombo chochote nilicho nacho. Haina betri. Umeme wake inautengeneza yenyewe: flaiwili, lile gurudumu zito la juu, inazunguka na sumaku zake, sumaku zinapita mbele ya koili (waya uliozungushwa mara nyingi), pointi, yaani swichi ndogo ya kukata umeme, zinafunguka, umeme wa koili unakatika ghafla, na kule kukatika ndiko kunakozaa umeme wa volti nyingi unaoruka kwenye plagi. Kila silinda ina koili yake, pointi zake na kondensa yake, kifaa kidogo kinachozilinda pointi zisiungue. Hilo la kila silinda kuwa na vyake lishike, lilinifaa baadaye.

Kila niliyemuuliza alisema kabureta. Nikaifungua na kuisafisha mara mbili, nikabadilisha mpira wa mafuta, nikaweka plagi mpya. Pesa zikaenda, na Mkanda ikanizimia vilevile. Ami yangu, aliyewahi kuwa nahodha, ndiye aliyenigeuza mawazo. Aliniuliza, "Ikizima, plagi huwa kavu au imerowa?" Nikamwambia, "Ami, sikuwahi kuitazama palepale." Akasema, "Basi mwanangu, unamtibu mgonjwa akiwa amelala nyumbani, na homa inampanda akiwa baharini."

Safari iliyofuata nilikwenda peke yangu, maji yakiwa bado yanajaa, spana ya plagi mfukoni. Ilipozima nilibinya pampu ya mpira: ngumu, mafuta yapo. Kifuniko cha tangi nimekilegeza, hewa inaingia. Nikavuta choki ili ipate mafuta zaidi, hakuna tofauti. Plagi ya juu ikatoka imerowa petroli. Kwa hiyo mafuta yanafika, moto haufiki. Nikabadilishana plagi, ya juu chini na ya chini juu, na bado silinda ya juu ndiyo iliyokuwa imelala. Plagi hazina kosa.

Nyumbani nikaifunga injini kwenye pipa la maji. Nikapigilia misumari miwili kwenye kipande cha mbao, ncha zikitazamana kwa nafasi ya milimita 6, mmoja kwenye waya wa plagi na mwingine kwenye bodi ya injini. Cheche ikiweza kuruka hewani nafasi hiyo, ina nguvu ya kutosha ndani ya silinda. Ikiwa baridi, silinda zote mbili zilitoa cheche ya bluu, yenye mlio mkali. Nikarudisha waya, nikaiacha ingurume nusu saa ndani ya pipa, majirani wakavumilia, Mungu awalipe. Nikapima tena ikiwa moto: chini bluu, juu hakuna kitu. Nilisimama pale na kamba mkononi karibu nilie kwa furaha. Ugonjwa nimeuona kwa macho.

Kutoa flaiwili kunataka subira. Legeza nati, kisha tumia pula, kifaa cha kuvutia, inayofungwa kwenye matundu matatu ya katikati. Usivute kwa ukingo wa nje, na usigonge ncha ya shafti kwa nyundo. Nimeona shafti iliyoharibiwa hivyo, na haina dawa. Angalia pia kii ndogo, kile kipande cha chuma kinachoishika flaiwili kwenye shafti, isipotee, kwani ikikatika au ikikaa vibaya majira ya cheche yanahama.

Chini yake pointi zilikuwa na utando mwembamba wa mafuta. Nilizifuta kwa karatasi ngumu nyeupe iliyochovywa petroli, nikarudia kwa karatasi kavu mpaka ikatoka safi, nikaweka nafasi ya milimita 0.5 pale zinapofunguka kabisa. Lakini pointi chafu zingesumbua hata kwenye baridi. Na kwa kuwa silinda ya juu pekee ndiyo iliyolala, nikaitazama koili yake kwa kamera ya simu. Plastiki yake ilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, na chumvi nyeupe ndani yake. Miaka zaidi ya 50 ya jua na bahari, sioni kiwanda cha kulaumu hapo.

Dada yangu aliniazima draya yake ya nywele. Nikaunga mita ya umeme kwenye waya wa plagi na bodi kupima ukinzani: omu elfu kadhaa, imetulia. Nikaelekeza hewa moto kwenye koili. Baada ya dakika chache namba ikaanza kurukaruka, kisha mita ikaonyesha waya umekatika. Nikaiacha ipoe, namba ikarudi. Nikairudia mara tatu, jibu lilelile. Joto linatanua, ule waya mwembamba wa ndani unaachana, ukipoa unagusana tena.

Koili mpya mbili zilikuja kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, gati ya bara inayoelekea Lamu. Nilibadilisha zote mbili, maana ya chini nayo ilikuwa imepasuka ingawa ilikuwa ikifanya kazi. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita: ncha za chuma za koili lazima zilingane sawasawa na vituo vya bamba linaloishikilia. Zikitokeza, sumaku inazikwaruza, na zikirudi ndani cheche inafifia. Mimi nilipapasa kwa ukucha mpaka sikusikia ngazi.

Ijumaa baada ya swala nilimchukua mama hadi Mtangawanda na kurudi. Mkanda tuliipita mara mbili bila kikohozi. Ule utando wa mafuta kwenye pointi bado unanisumbua akili, nadhani sili ya juu ya shafti, ule mpira wa kuzuia mafuta, inavuja. Nitaifungua kusi ikianza, boti ikiwa juu pwani.