Hita mbili, sponji mbili: tanki la diskasi hapa Igogo

Kazi yangu ni friji. Nabadili thamostati, najaza gesi, nabishana na wateja kuhusu kompresa za mtumba, na wengi wao ni wenye maduka ya soda na wafanyabiashara wa samaki wa soko la Mwaloni. Kwa hiyo watu wakisikia sebuleni kwangu kuna tanki la lita 240 la samaki wa mapambo aina ya diskasi, ambalo nalilipia umeme lipate moto, wanacheka. Jirani mmoja aliuliza hao wanakaangwa lini. Mwanza samaki wa kutazamwa tu bado anahitaji maelezo.

Diskasi asili yake ni bonde la mto Amazon. Ni wa ukoo mmoja na sato na furu wetu, ila undugu huo hausaidii kitu ukija kwenye joto. Wanataka maji ya nyuzi 28 hadi 30 usiku na mchana. Sisi tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Mchana utadhani hita haina kazi, lakini ngoja Juni na Julai, upepo wa usiku uanze, sebule inashuka mpaka nyuzi 20.

Wanaonipigia simu huuliza hita ipi ina nguvu na filta ipi inasafisha zaidi. Mimi nauliza swali la fundi: hicho kifaa kikiharibika, kitaharibika vipi?

Hita huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza inakata, maji yanapoa polepole, unayo nafasi ya kugundua. Ya pili ndiyo mbaya: kontakti za thamostati, ile swichi inayozima na kuwasha kwa joto, zinaungua na kugandana, hita haizimi tena. Kwenye friji kosa hilo linagandisha nyanya za mtu. Kwenye tanki linachemsha samaki. Hesabu yake si ngumu. Kupandisha lita 240 kwa nyuzi moja kunahitaji kama uniti 0.28 ya umeme, maana yake hita ya wati 300 iliyogoma kuzima, mchana wa joto, inaweza kuongeza karibu nyuzi moja kila saa. Ukiondoka asubuhi kwenda kazini, ukirudi jioni hakuna cha kuokoa. Ndiyo maana nimeweka mbili za wati 150, moja kila upande. Ikigoma moja, maji yanapanda kwa nusu ya kasi hiyo. Ikifa moja, nyingine inashika zamu. Moja nimeiweka nyuzi 29, ya pili chini yake kidogo, ili ya pili iamke usiku wa baridi tu.

Juu ya hapo zote mbili zinapita kwenye kidhibiti joto cha nje chenye sensa yake ndani ya maji, aina ileile tunayofunga kwenye majokofu ya madukani ila imegeuzwa iwe ya kupasha. Nimekiweka kikate umeme wa hita maji yakifika nyuzi 30.5. Siku za kawaida hakifanyi lolote, na ndivyo ninavyokitaka.

Kuna jambo la umeme wetu ambalo maboksi ya hita hayasemi. Jioni, mtaa mzima ukiwasha taa na pasi, voltimita yangu husoma hata 180. Nguvu ya hita haishuki sawasawa na volti, inashuka kwa kipeo cha pili. Hita ya wati 300 iliyotengenezewa volti 230, ikipewa 180, inatoa wati 184 tu. Na saa hizo ndizo baridi inaanza. Badala ya kununua hita kubwa zaidi nilibandika foam za maboksi ya samaki nyuma na ubavuni mwa tanki, nikaweka kifuniko cha kioo. Uniti zilipungua, nami Mwaloni foam sizinunui.

Sasa filta. Kanista, ile filta ya kopo lililofungwa linalokaa nje ya tanki, inapendeza, iko kimya, imejificha kabatini. Lakini ndani yake kazi inafanywa na bakteria, wale wanaogeuza amonia ya uchafu wa samaki kuwa nitriti kisha nitreti, na wanahitaji oksijeni kama samaki wenyewe. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, maji yaliyofungiwa ndani ya kanista yanaisha hewa, bakteria wanakufa, na umeme ukirudi uchafu wote ule unamwagiwa samaki. Anayeishi kwenye umeme usiokatika anunue kanista kwa raha zake.

Mimi nina filta mbili kubwa za sponji zinazoendeshwa na pampu ya hewa. Sponji iko wazi ndani ya tanki, bakteria wake hawafungiwi bila hewa, na pampu yenyewe inakula wati chache, hivyo betri ndogo na inverta vinaipeleka mpaka asubuhi. Hita sizihangaikii umeme ukikatika. Maji mengi na foam yanashikilia joto. Hewa ndiyo haisubiri, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na mwinuko wetu unapunguza tena. Diskasi pia hawapendi mkondo mkali, hupigana nao badala ya kula.

Maji yetu ya ziwa hayana chokaa nyingi, hilo ni zuri. Ila pH yake, yaani kipimo cha uasidi, hupanda juu ya 7, na hapo ndipo filta inapokuwa jambo la uhai. Kwenye nyuzi 30, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia moja. pH ikiwa 8 inapita asilimia saba. Kwa hiyo sponji mpya naiacha ifanye kazi wiki nne hadi sita kabla ya kuikabidhi samaki, na naisafisha kwa kuikamua kwenye ndoo ya maji ya tanki lenyewe. Ukiipeleka chini ya bomba, klorini inaua ulichokilea.

Maji ya kubadilisha nayachota simtanki jeusi la juu ya paa, saa tisa alasiri, jua limeshayapasha bure. Yamelala humo, na bado naweka dawa ya kuondoa klorini.

Mambo madogo ya kufunga: pampu ya hewa ikae juu ya usawa wa maji, au uweke vali ya kuzuia maji yasirudi, la sivyo umeme ukikatika yanashuka kwenye mpira hadi sakafuni. Zima hita kabla ya kupunguza maji, kioo chake kikibaki hewani cha moto kinapasuka. Waya uache ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, tone la maji lisifuate waya hadi kwenye plagi. Na soketi hiyo ilindwe na breka inayokata umeme ukivuja; friji gadi ni ya kulinda kifaa, mkono wako ulio majini haiujui.

Mwenye pesa ya hita moja kwa sasa achukue ya wati 150 na foam, pamoja na kipimajoto cha peke yake. Namba zilizochorwa kwenye kirungu cha hita mimi nimeshapima nikakuta zimekosea kwa nyuzi mbili.